Shaba Ndani ya Maini: Historia ya Ugonjwa Wenye Ulifanya Nkambo Wetu Aitwe Mulozi



Nianze na ukweli: mimi si munganga. Nilisoma historia, na memware yangu ilihusu kazi ya shaba hapa Katanga. Shaba ninaijua mu makaratasi. Ninajua kama mu 1911 tanuru ya Union Minière ilitoa shaba yake ya kwanza hapa Lubumbashi, wakati muji wetu uliitwa bado Élisabethville. Ninajua kama jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997. Lakini sikujua kama shaba inaweza kujikusanya mu maini ya mutoto, pole pole, mpaka kumuua. Ile sikuikuta mu archive. Niliikuta mu nyumba ya mama mukubwa wangu.

1. Mu nyumba ya mama mukubwa

Mama mukubwa alizaa watoto wane. Wa kwanza alikuwa binti. Alipofika miaka 11, macho yake yaligeuka manjano. Walimupa dawa ya malaria. Macho yakazidi. Wakasema ni hepatiti, apumuzike, anywe maji ya sukari. Tumbo likavimba, damu ikaanza kutoka mu pua, na mu juma tatu tu alikuwa amekufa. Tulimuzika, tukalia, tukaendelea na maisha. Mutoto kufa na macho ya manjano, kwetu si jambo lenye kushangaza sana.

Miaka miwili kisha, mudogo wake wa kiume, mwandiko wake ukaharibika. Alikuwa mwanafunzi muzuri. Sasa herufi zilikuwa zinatetemeka, mwalimu anashindwa kuzisoma. Mate yakawa yanamutoka. Kusema kwake kukawa kuzito, sawa mutu mwenye amelewa. Ku masomo wakasema anakunywa pombe. Ku maombi wakasema kuna kitu kimeingia ndani yake. Na jamaa ya upande wa baba ikakaa kikao, ikasema neno lenye nyinyi wote munalijua: watoto wawili wa nyumba moja, mumoja nyuma ya mwengine, haiwezi kuwa bure. Kuna mulozi. Na mulozi akapatikana haraka: nkambo wetu, mama wa mama mukubwa, mwenye alikuwa analala mu ile nyumba na kuwapikia watoto. Walimupandisha mu gari na kumurudisha Kasenga na mufuko moja wa nguo.

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa na diploma. Sikusema kitu. Kusema kweli, mimi pia nilikuwa na mawazo yangu: nilifikiri ni vumbi ya mgodi ao maji ya muto yenye yamechafuliwa. Nilikuwa mbali na ukweli sawa wao.

Mwenye alitutoa mu giza ni munganga mumoja kijana, angali mu sitaje. Hakuanza na mashini. Alimuuliza mama mukubwa: "Mama, huyu mutoto iko na ndugu? Wote wazima?" Mama akajibu kama dada yake alikufa. "Alikufa na nini?" "Macho ya manjano." Kijana akanyamaza kidogo, kisha akaandika barua, akatutuma kwa munganga wa macho. Kwa macho! Baba alikasirika: mutoto anatetemeka mikono, munamutuma kwa macho?

Munganga wa macho alizima taa ya chumba, akamukalisha mutoto mbele ya kile chombo chenye kinatoa mwanga mwembamba sawa uzi, akaangalia. Akamuita mwenzake aangalie pia. Pembeni ya jicho, kuzunguka ile sehemu ya rangi, kulikuwa pete ya rangi ya kahawia yenye kuelekea kijani. Pete ile iko na jina la wanganga wawili Wajeremani, na iko na historia ya zaidi ya miaka mia moja. Njo ile historia nilianza kusoma, usiku, ku telefone, sababu nilitaka kujua ni nini kilikuwa kinatumalizia watoto.

2. Watu wawili wanaona kitu kimoja, hakuna anayejua

Mu 1902, Bernhard Kayser, munganga wa macho mu Ujerumani, aliandika juu ya mugonjwa mwenye pete ya kijani mu konea, ni kusema ile sehemu ya mbele ya jicho yenye kupitisha mwanga. Mugonjwa alikuwa anatetemeka, na wanganga walifikiri ni ugonjwa mwengine wa mishipa ya ubongo. Kayser yeye alifikiri mutu alizaliwa na ile rangi. Mwaka wenye ulifuata, 1903, Bruno Fleischer akaonyesha wagonjwa wengine wenye pete ya namna ile. Fleischer aliendelea kuwafuata, na kufikia 1912 alisema wazi kama pete, kutetemeka na ugonjwa wa maini vinatembea pamoja. Ndiyo maana leo tunasema pete ya Kayser-Fleischer.

Mwaka ule ule wa 1912, mu London, munganga mwengine aliandika juu ya ugonjwa ule ule bila kuona ile pete. Aliitwa Samuel Alexander Kinnier Wilson. Alizaliwa Marekani mu 1878, akakomalia Scotland, akafanya kazi mu hospitali ya magonjwa ya mishipa ya Queen Square. Andiko lake lilipita kurasa 200. Alieleza vijana wenye walikuwa wanatetemeka, wanakakamaa, wanashindwa kusema na kumeza, na kisha wanakufa. Wane kati yao aliwafuata yeye mwenyewe. Wakati maiti ilipasuliwa, alikuta vitu viwili: sehemu fulani ya ndani ya ubongo imeharibika, na maini yamekuwa magumu, yenye mavimbe, ni kusema sirozi. Lakini wakiwa wazima hakuna mwenye alilalamika juu ya maini.

Munaona sasa? Mumoja aliona jicho, mwengine aliona ubongo na maini. Kila mutu na chumba chake. Na mbele ya Wilson kulikuwa tayari maandiko: William Gowers, mukubwa wake pale Queen Square, alikuwa amekwisha kueleza mugonjwa wa namna hii, na Homén wa Ufini alikuwa ameeleza ndugu watatu wa familia moja. Wilson alisoma yote ile, akaiunganisha, njo maana ugonjwa uko na jina lake. Lakini juu ya jambo moja alikosea: aliona kama ugonjwa unafuata familia, ila akasema si wa kurithi. Alifikiri kuna sumu fulani yenye inatoka mu maini na kuharibu ubongo. Juu ya sumu hakuwa mbali sana. Juu ya kurithi alikuwa mbali.

3. Watoto wane wa Edinburgh

Kuna andiko moja lenye lilinifanya nifunge telefone na kukaa kimya. Mu 1916, Byrom Bramwell, munganga wa Edinburgh, alieleza familia moja. Watoto wane wa tumbo moja walikufa na sirozi ya haraka. Miaka yao: 9, 10, 14 na 14. Hawakufa na kutetemeka. Walikufa na maini, sawa dada yetu. Bramwell akauliza kama hii haifanani na ugonjwa wa Wilson.

Swali lile lilikuwa la maana sana, sababu mpaka pale watu walifikiri ugonjwa wa Wilson ni wa vijana wenye kutetemeka. Bramwell alionyesha kama kwa mutoto mudogo unaweza kujificha mu maini peke yake. Leo ile inajulikana vizuri. Watoto wengi wenye ugonjwa huu wanaonyesha kwanza dalili za maini, mara nyingi kisha miaka mitano, na alama za ubongo zinakuja kisha, mu ujana ao ukubwani. Mutoto mwenye anakufa na maini mu miaka 11 hapati hata nafasi ya kutetemeka. Njo maana vifo vya dada na ugonjwa wa kaka vilionekana sawa vitu viwili tofauti, na ni ile ilifanya watu watafute mutu mumoja nyuma ya vyote viwili.

Mu 1921 Hall aliandika kitabu kwa Kifaransa chenye kiliunganisha majina yote na kuita ugonjwa "dégénérescence hépato-lenticulaire", jina lenye wanganga wetu wa Kifaransa wanalitumia mpaka leo. Hall njo alisema pia kama inaonekana ni ugonjwa wa kurithi kwa njia ya siri: wazazi wazima, watoto wagonjwa. Lakini ilingoja mpaka 1960 ili Alexander Bearn, kule New York, apime familia nyingi na kuonyesha kama Hall alikuwa na haki.

4. Shaba ilionekana mapema, lakini hakuna aliyeisikiliza

Hapa mutu wa Katanga anaweza kucheka ao kulia. Mu 1913, mwaka moja tu kisha andiko la Wilson, Mujeremani mumoja jina lake Rumpel alipima maini ya mugonjwa mwenye alikufa, akakuta shaba nyingi. Hakuna mwenye alijali. Mu 1922 Siemerling na Oloff waliona mu jicho la mugonjwa doa lenye umbo la ua la alizeti. Doa la namna ile lilijulikana kwa watu wenye kipande cha shaba kimewaingia mu jicho. Wakaona kufanana kule. Tena hakuna mwenye alijali sana. Mu 1930 Haurowitz akakuta shaba mu ubongo na mu maini. Mu 1945 Glazebrook akaikuta tena.

Miaka 30 na zaidi! Shaba iko mbele yao na hawaioni. Juu ya nini? Ninafikiri ni sababu kila mutu alikuwa tayari na maelezo yake. Sisi pia tulikuwa na ya kwetu, nkambo.

Mambo yaligeuka mu 1948. Mandelbrote na wenzake walikuwa wanapima shaba mu mukojo wa watu wenye ugonjwa mwengine kabisa. Mumoja wa watu wa kulinganisha nao alikuwa na ugonjwa wa Wilson, na kumbe mukojo wake yeye njo ulikuwa na shaba nyingi. Bahati tu. Mwaka ule ule John Cumings, mu Queen Square ile ile ya Wilson, alipima ubongo na maini ya wagonjwa wenye walikufa, akasema wazi: shaba si alama tu, shaba njo inaharibu. Akapendekeza watumie dawa moja yenye ilitengenezwa wakati wa vita ya pili ya dunia ili kupigana na gazi ya sumu. Dawa ile inakamata metali na kuitoa mu mukojo. Mu 1951 Cumings mu London, na Denny-Brown na Porter mu Boston, waliijaribu, na wagonjwa wakaanza kupata nafuu. Lakini ilikuwa sindano yenye maumivu makali, na mutu hawezi kuishi nayo maisha yote.

Mu 1948 tena, mu Uswidi, Holmberg na Laurell walitenga mu damu protini moja ya rangi ya bluu, yenye inabeba shaba. Waliiita seruloplasmini. Na mu 1952 Scheinberg na Gitlin walionyesha kama watu wenye ugonjwa wa Wilson wanakosa ile protini ao wanayo kidogo sana. Kwa mara ya kwanza mutu aliweza kugundua ugonjwa kwa kupima damu ya mutu mwenye angali muzima, bila kungoja kupasua maiti.

5. Dawa ya kumeza, na swali juu ya mutoto muzima

Mu 1955 John Walshe, munganga Muingereza, alikuwa Boston. Walimuonyesha mugonjwa mwenye hakuweza tena kuvumilia sindano. Walshe akakumbuka kitu: mu mukojo wa wagonjwa wenye walipewa penisilini alikuwa amekuta kitu kinaitwa penisilamini, na umbo lake linaweza kukamata shaba. Alikunywa kwanza yeye mwenyewe ili aone kama haimuui. Kisha akamupa mugonjwa. Shaba ikatoka mu mukojo kwa wingi. Alitangaza mu 1956. Ugonjwa wenye ulikuwa hukumu ya kifo ukapata kidonge.

Ila kwa mimi, tarehe kubwa zaidi ni 1968. Mwaka ule Sternlieb na Scheinberg walionyesha kitu chenye kinaonekana kidogo lakini ni kikubwa sana: ukipima ndugu wa mugonjwa wenye bado wazima, na ukiwapa dawa wale wenye wamerithi, hawagonjwi. Tangu pale ndugu wa mugonjwa nao wakawa watu wa kupimwa, hata kama hawaumwe popote.

Mu 1993 watafiti walipata jeni yenyewe, ku kromozomu ya 13. Inaitwa ATP7B. Sasa tunajua kazi yake. Kila mutu anakula shaba kidogo kila siku, kama miligramu moja ao mbili, mu karanga, mu buyoga, mu maini ya nyama, mu maharagi. Mwili unaihitaji. Ile yenye inazidi, maini yanaitupa mu nyongo, inatoka na choo. Kwa mutu mwenye jeni zake mbili za ATP7B zimeharibika, ule mulango umefungwa. Shaba inabaki mu maini miaka na miaka. Maini yakijaa, inamwagika mu damu, inaenda mu ubongo, mu macho, mu figo.

Kwa hiyo si vumbi ya mgodi. Ugonjwa huu unapatikana dunia nzima, kwa hesabu ya karibu mutu mumoja kwa watu 30,000, hata mahali kwenye hakuna mgodi hata moja. Nisikose kusema: shaba ya inje inaweza pia kuharibu maini ya mutoto. Mu India kulikuwa ugonjwa wa maini wa watoto wadogo sana, na mu miaka ya 1980 watafiti waliuunganisha na maziwa yenye yalichemshwa ao kuwekwa mu vyombo vya shaba na vya shaba nyeupe. Vyombo vilipoachwa, ugonjwa ukapunguka sana. Lakini ule ni ugonjwa mwengine, na munganga muzuri anauliza juu ya vyote viwili: sufuria na ndugu.

6. Kugundua kwa mutoto: hakuna kipimo kimoja chenye kinatosha

Kwa wale wenye mutaingia mu pediatri, sikieni hii vizuri, sababu njo hapa watoto wanapotea.

Pete ya jicho ni ushahidi mukubwa. Kwa wenye ubongo umekwisha kuguswa, karibu wote wanayo. Lakini kwa mutoto mwenye maini tu, mara nyingi haiko. Ukisema "hakuna pete, basi si Wilson", utazika mutoto.

Seruloplasmini ikiwa chini sana, chini ya miligramu 10 kwa desilita, inaonyesha Wilson kwa nguvu. Kati ya 10 na 20, ni mashaka. Na kwetu kuna mutego: mutoto mwenye kwashiorkor anaweza kuwa na kiasi kidogo sababu hana protini, na mutoto mwenye maambukizo anaweza kuwa na kiasi chenye kinaonekana kizuri hata kama iko na Wilson, sababu ile protini inapanda wakati mwili unapigana. Kwa mutoto muchanga wa miezi michache, kipimo hakisemi kitu, sababu wote wanayo kidogo.

Mukojo wa saa 24 unapimwa shaba. Kwa mukubwa wanaangalia mikrogramu 100 kwa siku. Kwa mutoto, hata 40 inatosha ili uanze kushuku. Kukusanya mukojo wote wa mutoto siku nzima, bila kumwaga hata kidogo, iulize mama yeyote kama ni rahisi.

Kipande cha maini, chenye shaba kupita mikrogramu 250 kwa gramu moja kavu, ni ushahidi muzito. Na jeni inaweza kusomwa, lakini mabadiliko yake yanayojulikana ni mamia, na kukosa moja haimaanishe kama mutoto muzima.

Kwa sababu hiyo, mu 2001 wataalamu walikutana Leipzig, wakatengeneza hesabu ya alama: pete ni alama mbili, seruloplasmini ya chini sana alama mbili, na kuendelea vile na damu, mukojo, maini, ubongo, jeni. Ukifika alama 4 ao zaidi, ugonjwa umethibitika. Tatu, inawezekana. Ninapenda ile hesabu sababu inafanana na kazi yetu ya historia: hati moja haitoshi, unaweka ushahidi juu ya ushahidi mpaka ukweli usimame.

Na kuna maswali hayaombi labo. Mutoto kisha miaka mitano, maini yanaugua na hakuna virusi vyenye vinapatikana, damu inapasuka bila sababu, macho ya manjano na upungufu wa damu pamoja, mwandiko umeharibika, ndugu alikufa na maini. Kile cha mwisho njo kilimuokoa mutoto wetu.

7. Kikao cha pili

Damu ilitumwa mbali. Ilikawia. Jibu lilipokuja, pamoja na pete na mukojo, hapakuwa tena mashaka. Mutoto akaanza dawa. Munganga alituambia wazi: mwanzo kutetemeka kunaweza hata kuzidi, musiogope, musiache. Mwaka moja kisha, mate yalikoma. Mwandiko ulirudi nusu. Kusema kwake kungali kuzito, na hatujui kama kutarudi kwote.

Kisha likaja swali la wadogo wawili wenye walibaki, muvulana wa miaka 9 na binti wa miaka 7. Walikuwa wazima, wanacheza, wanakula. Upande wa baba ukasema: feza imeisha, nani analipa ili kupima mutoto mwenye haumwe? Safari hii nilisimama. Nilieleza ya 1968. Nilieleza hesabu: baba na mama kila mumoja iko na jeni moja nzima na moja mbovu, wao wenyewe hawagonjwi, kila mutoto iko na nafasi moja kwa nne ya kurithi mbovu mbili. Na si kwamba wawili wamekwisha kupata basi wengine wako salama. Kila mimba ni kura mupya. Nilisema pia juu yangu: mama yangu ni dada ya mama mukubwa, iko na nafasi ya nusu kuwa na ile jeni, mimi robo. Haitanigonjesha. Lakini siku nitaoa, nitasema.

Baba wa watoto akauliza pole: "Unasema inaomba pande mbili?" Nikamujibu: ndiyo baba, pande mbili. Upande moja peke yake hauwezi kutoa huu ugonjwa. Hata kama nkambo ndiye alipitisha kipande kimoja, ao pengine alikuwa nkambo mwanaume, kipande cha pili kilitoka kwenu. Hakuna mutu mumoja wa kufukuza.

Alikaa kimya muda murefu. Kesho yake aliuza pikipiki.

Muvulana alikutwa muzima. Binti wa miaka 7, mwenye hakuwa na alama yoyote, amerithi. Anakunywa zinki kila siku, inazuia shaba kuingia kupitia tumbo. Atakunywa maisha yote. Hii si dawa ya kuacha siku mutu anajisikia vizuri. Mu 1986 Walshe mwenyewe aliandika juu ya hatari ya kuacha dawa, sababu wenye waliacha waliharibika haraka na wamoja walikufa. Ile kazi ya kila asubuhi, mwaka kwa mwaka, njo vita yetu sasa, na bei ya dawa pamoja nayo.

Tulienda Kasenga kumuchukua nkambo. Alikataa. Alisema: "Munifukuze mbele ya watu, munirudishe kwa siri? Hapana. Wakae wale wale majirani, baba wa watoto aseme mbele yao." Ilituchukua miezi. Lakini baba alisema, mbele ya majirani wale wale, kama alikosea, na kama mutoto wake alikufa na ugonjwa wenye ulitoka kwake yeye na kwa bibi yake, bila kosa la mutu. Nkambo alirudi. Hazungumuzi sana na baba. Lakini ni yeye anaamusha binti na kidonge chake, mbele ya chai.

Na mimi nilikuwa nimekaa mu kikao cha kwanza na diploma yangu mu mufuko, bila kusema kitu. Nami nimesema sasa mbele ya wote.

Wewe mwenye uko mu sitaje leo, ukiona mutoto wa macho ya manjano yenye hayaeleweki, usianze na mashini. Uliza kwanza: iko na ndugu? Wote wazima? Yule mwenye alikufa, alikufa na nini?